Kerezo la Kijani na Uzito wa Kijiti

Mume wangu anaitwa Kijiti. Jina hilo alipewa na rafiki zake siku za ujana, alipokuwa mwembamba hata suruali ikimkaa kiunoni kwa imani tu. Tangu hapo ameoka mikate, na kuionja, kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado analiitikia bila kupepesa macho. Mimi ni fundi saa. Nayasema haya mapema ili ujue kosa lilitokea wapi: mwokaji anayeamini jina lake alioa fundi saa anayeamini namba anazopewa.

Nyumbani, nikishaweka kando saa za watu, natengeneza injini. Ni injini za kweli, zenye mtungi wa maji, moto, mvuke na gurudumu, ila ndogo. Ya kwanza ilikaa juu ya kisahani cha chai. Nyingine ilizunguka kwa moto wa mshumaa mmoja. Zote nilizichonga kwa kerezo langu la mezani, ile mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikinyoa mpaka kiwe duara safi. Kerezo lenyewe unaweza kulibeba kwapani kama kuku. Kila nikimaliza injini namwita Kijiti, naiwasha, inazunguka, naye anasimama mlangoni na unga mikononi, anatabasamu na kusema, "Kanapendeza." Kisha anarudi kwenye kochi lake.

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu unakesha na tupa mkononi miezi na miezi, halafu unaambiwa kanapendeza, utadhani umemwonyesha mtu kitoto cha jirani. Basi mwaka huu nikapiga moyo konde. Nitatengeneza injini ya kuvuta mtu: gari la mvuke refu kama meza ya chakula, nyuma yake kigari chenye kiti, na kwenye kiti hicho atakaa Kijiti mwenyewe, nimzungushe uani kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba za nguo na kurudi. Alichoshindwa kukiona kwa macho, nilitaka akione kwa makalio.

Injini ya namna hiyo huanzia kwenye mzigo. Ukijua uzito wa abiria ndipo unapojua ukubwa wa mtungi, wa silinda, na wa lile gurudumu zito la ubavuni linaloifanya injini isisitesite. Nikamwendea Kijiti, nikamuuliza ana kilo ngapi. Alikuwa anakanda unga na hakugeuka. Alisema themanini, pungufu kidogo. Nikaandika themanini, nikachora, na gurudumu likatoka sawasawa na trei yake ya duara ya kuokea. Kerezo langu la kwapani lisingeliweza hata kwa maombi. Ilibidi ninunue kubwa.

Nani aliwahi kuniambia kwamba kuchagua kerezo kuna raha kiasi hiki? Nilikuwa kama bibi harusi. Nilipima chumba cha nyuma mara nyingi hata sakafu ikanizoea. Chumba hicho ndimo Kijiti hulala mchana, kwenye kochi, baada ya kuoka tangu alfajiri. Tulipatana kwamba kerezo litakaa upande wa dirisha na kochi litabaki lilipo. Mwokaji asiyelala mchana hachelewi kutia chumvi mahali pa sukari, kwa hiyo habari ya kochi haikujadiliwa.

Siku yenyewe tulipelekwa kwenye ghala la mashine na wifi yangu, dada yake Kijiti, kwa sababu ana pikapu na kwa sababu hajawahi kukosa mahali penye kichekesho. Njia nzima pikapu iliinamia upande wa kaka yake. Wifi alisema hizo ni springi, na akauma mdomo wa chini.

Mwenye ghala anaitwa Bwana Grisi, na ukimpa mkono utajua kwa nini. Ghala lake lilinukia mafuta mazito, na mlangoni palikuwa na mizani pana ya kupimia vyuma chakavu. Alikuwa na makerezo matatu. La kwanza lilikuwa jipya, linang'aa, lakini nilipoishika sehemu inayobeba kisu na kuitikisa, ikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikalipita. La pili lilikuwa la kijivu, la wastani. Nilizungusha mikono yake yote, nikapitisha ukucha kwenye reli kutafuta mikwaruzo, nikashikiza mahali pa gurudumu ile trei ya Kijiti, niliyokuja nayo kama kipimo, na kuizungusha polepole. Ilipita juu ya reli na nafasi ya kidole ikabaki. Nilicheka peke yangu hadi Bwana Grisi akacheka naye, bila kujua tunacheka nini.

La tatu lilikuwa la kijani, kuukuu, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Rangi ilikuwa imebanduka, lakini reli zilikuwa nyoofu na kila mkono ulizunguka kimyakimya kama kisu ndani ya siagi. Nililiwekea kiganja, na nilichokihisi si cha kusimulia mbele ya mume. Lakini lingejaza chumba chote cha nyuma. Nikalipapasa, nikaliaga, nikarudi kwa la kijivu, na bei tukaelewana haraka kuliko nilivyotarajia.

Hapo ndipo Kijiti alipoanza kuwa wa ajabu. Jasho lilimtoka wakati ghala lina ubaridi. Alinivuta kando, akaniuliza kama injini yangu itaweza mzigo mkubwa zaidi kidogo. Nikamuuliza mkubwa kama nani. Akasema, mathalani, mgeni. Nikamweleza kwamba nimeipigia hesabu ya uzito wake, na nyongeza ya kilo kumi kwa ajili ya ule mwinuko ulio karibu na kamba za nguo. Ikizidi hapo, haipandi.

"Haipandi vipi?" akauliza.

"Inakwama. Inapumua, inapumua, kisha inasimama, na abiria anashuka kuisukuma."

Akatazama viatu vyake. Wifi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi, na akili zangu zote za kuhesabu meno ya magurudumu ya saa, sikuona kitu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikafunge biashara na Bwana Grisi.

"Subiri kwanza, mke wangu," Kijiti akasema.

Akaenda mlangoni kwenye mizani. Akavua viatu. Akamkabidhi dada yake funguo, mkanda, na simu, kana kwamba vitu hivyo ndivyo vyenye lawama. Akapanda, akafumba macho. Mshale ukapita themanini bila salamu, ukapita tisini, ukapita mia, ukasimama kwenye mia na kumi na mbili.

Bwana Grisi, muungwana wa watu, akakohoa na kusema mizani ile ni ya vyuma, huwa inazidisha.

"Haizidishi," Kijiti akasema, macho bado yamefumbwa. "Ya duka la dawa nayo inasema hivyo hivyo. Nimerudi pale mara tatu."

Wifi hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya tairi, akasema njia ya mwongo ni fupi, na ya kaka yake imeishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Nami nilikuwa nimeanza kukasirika, maana michoro yangu yote ilikuwa imekuwa karatasi ya kufungia karanga. Nikamuuliza kwa nini hakunyamaza tu. Ningenunua la kijivu, ningejenga injini yangu, angesema mgongo unamuuma, tungempandisha dada yake, siri ingebaki siri na yeye angebaki Kijiti.

Akafumbua macho. Alikuwa mwekundu wa macho kama mtu aliyekata vitunguu.

"Nataka kupanda mimi," akasema.

Hasira yangu ilitafuta pa kukaa, ikakosa. Miaka yote ile nilidhani yule mtu wa mlangoni anasubiri nimalize ili akalale. Kumbe alikuwa tayari kusimama bila viatu mbele ya mwenye ghala na dada yake, ambaye angemsimulia kwa ukoo mzima kabla ya jua kuzama, ili mradi asikose kiti nyuma ya injini yangu.

Nikaomba chaki. Nikaiweka trei sakafuni, nikapiga hesabu upya pembeni yake, nikachora duara jipya kuizunguka. Lilizidi ukingo wa trei kwa zaidi ya upana wa kiganja. Wote wanne tukalitazama duara, kisha la kijivu, kisha tukageuza shingo kwa pamoja kulitazama la kijani.

Nilisema halienei, kuna kochi. Kijiti alikuwa anafunga mkanda, tundu la mwisho.

"Kochi litoke," akasema. "Sijaoa kochi."

Wifi akamwambia apunguze maneno, amenipa kerezo, asije akanipa na tanuri. Bwana Grisi naye alikuwa ameshaanza kutafuta minyororo ya kunyanyulia, maana anawajua watu wa aina yetu, wakipoa hubadili nia.

La kijani liliingia nyumbani baada ya kung'oa fremu ya mlango. Kochi liko koridoni sasa, na Kijiti hulala pale mchana, miguu imepita mwisho wake, huku mimi nikinyoa chuma upande wa pili wa ukuta. Anasema mlio wake unamlaza vizuri. Akiamka hasemi tena kanapendeza. Anachungulia na kuniuliza lini, na kesho yake ananiuliza tena lini. Juzi alitangaza kwamba ataacha kuonja mikate, apungue kidogo, kuisaidia injini. Nilimwambia akithubutu kupungua hata gramu nitamshtaki kwa dada yake, kwa sababu michoro imekwisha.

Jana gurudumu kubwa lilitoka kwenye kerezo, limeng'aa, zito, duara lisilo na kasoro. Nilihitaji kupima kiti cha kigari, nikaleta kreti la mikate na kuliweka sakafuni nyuma ya gurudumu, nikamwita. Alikuja mbio na unga mpaka viwikoni. Kabla ya kukaa, aliinama na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Vaa viatu vyako," nikamwambia. "Nimevihesabu."