Picha Iliyokatwa Miguu

Ukatibu wa klabu ya picha ya Kasulu sikuuomba. Nilichelewa kikao kimoja tu, nikaingia nikakuta watu wanapiga makofi. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Langu lilikuwepo, limekaa kitini linanisubiri. Kazi yangu ya mshahara ni kufundisha jiografia. Nilipangiwa huku nikitokea Korogwe, nikawaaga nyumbani kwamba nakwenda kwa muda mfupi, na muda mfupi huo mpaka leo haujaisha.

Klabu yenyewe si kubwa. Tuko walimu, wauguzi, wenye studio za picha za pasipoti, na daktari wa meno mmoja, Nickson, mwenye lenzi ndefu na subira fupi. Kila mwaka tunashindana. Kwa kuwa tunajuana mno hatuwezi kuhukumiana, jaji hutoka Kibondo; na wao wakishindana, jaji hutoka kwetu. Utaratibu huu umejenga undugu mkubwa kati ya miji miwili, maana kila upande una hakika kwamba jaji wa upande wa pili haoni vizuri.

Mwaka jana tuliletewa Bwana Didas, mkufunzi wa sanaa, mtu wa koti la mifuko mingi. Mifuko yote ile sijawahi kuona ikitoa kitu, isipokuwa vipande viwili vya kadi nyeusi, kila kimoja kimekatwa mfano wa kiwiko. Ndizo silaha zake. Anaiweka picha mezani, analaza kadi hizi juu yake zifanye dirisha, kisha analibana dirisha taratibu mpaka kibaki kile anachokiita habari. Kinachofunikwa kimehukumiwa. Na kwetu mshindi anatakiwa kuisahihisha picha yake kama jaji alivyoelekeza, ndipo ichapwe kubwa na kutiwa fremu.

Picha iliyoshinda mwaka huo ilikuwa ya Claudine. Huyu ana studio karibu na stendi ya Kasulu, msichana mpole wa maneno, mkaidi wa vitendo, na ni rafiki yangu ingawa hajaacha kuniita Madamu. Alimpiga baba yake, Mzee Pasikali, mbele ya nyumba yao kule Titye. Ukiitazama utacheka kwanza. Mzee amevaa koti la Jumapili, amesimama mbele ya mlango wa bluu, viatu vipya vya kahawia vinang'aa, na kwa vidole viwili vya kila mkono ameivuta suruali juu kidogo, kama mtu anayevuka dimbwi, ili miguu ionekane hadi juu ya kifundo.

Alikuwa na sababu. Mzee Pasikali alitoka Burundi akiwa mtoto, wakati wa kukimbia, akibebwa mgongoni na watu asiowajua. Dada yake mkubwa, Niyomwungere, akabaki upande wa pili. Baadaye habari zikamfikia huyu dada kule Makamba kwamba mdogo wake alikatwa mguu njiani na kuachwa. Nani alizipeleka, hakuna ajuaye. Mtoto akakulia Titye, akalima mahindi na maharage, akaoa, akapata uraia, akazeeka na miguu yake yote miwili. Walipopatana kwa simu, kupitia Nkunzimana, mtoto wa huyo dada, dada, ambaye sasa ni bibi, alilia, akamshukuru Mungu, kisha akasema haamini. Sauti yoyote yaweza kujiita Pasikali. Kama ni yeye kweli na yuko mzima, basi alete miguu, aione.

Walijaribu simu ya video. Uso ulifika vipande vipande ukaganda; miguu haikufika kabisa. Na kifua cha bibi kilikuwa kimeanza kumsumbua, kila mvua inamlaza. Mzee naye kwenda alikuwa hataki. "Nchi ile niliitoka nikikimbia," aliniambia siku moja. "Kurudi, mwalimu, sijui nirudi kwa mwendo gani."

Ndiyo maana Claudine akapiga picha ile. Angeituma siku hiyohiyo na hadithi ingeishia hapo. Lakini ikatoka nzuri, na klabu ina sharti kwamba picha ya mashindano isionekane popote kabla ya kuhukumiwa. Akamwuliza baba yake, na baba akasema, "Ego, ndiyo, ishinde kwanza. Ikishinda, Niyomwungere atajua hata wakubwa wameiona miguu." Kwa hiyo bibi mgonjwa akasubiri Bwana Didas atoke Kibondo.

Siku ya kuhukumu ukumbi ulijaa. Nafasi ya tatu ilikuwa yangu mimi, tangawizi ya Muyama imeanikwa juu ya turubai, na mama mmoja anaigeuza. "Rangi nzuri," alisema Didas, "lakini tangawizi haina hisia." Ningeweza kumweleza hisia za tangawizi, maana kila nikipata mafua ndiyo inayoniamsha, ila washindani wote hawaruhusiwi kusema picha zinapojadiliwa. Ya pili, ya Nickson, ilikuwa ukungu mtupu. Ilisifiwa mno.

Kisha akaiinua ya Claudine, akanyamaza kwa muda wa kutosha watu wajue amenyamaza.

"Hii," alisema, "ndiyo picha. Tazameni uso huu! Tazameni macho! Hapa kuna ukimbizi, kuna njia ndefu, kuna kupoteza."

Claudine alikuwa ameshaniambia kwamba siku ile viatu vilikuwa vinambana mzee.

"Lakini kuna kelele," Didas akaendelea, akatoa zile kadi. "Mlango wa bluu unatuambia nini? Hautuambii kitu." Kadi ya kwanza ikaufunika mlango. "Na huku chini, mzee ameshika suruali kana kwamba kuna matope. Viatu vinang'aa, vinaiba jicho. Miguu haina habari, wapendwa. Kata hapa." Kadi ya pili ikapanda kutoka chini, ikameza viatu, ikapita magoti, ikapita mikono iliyoshika suruali, ikatulia kifuani.

Claudine akainuka kitini. "Lakini miguu ndiyo…"

"Mshindani hazungumzi," alisema Didas kwa upole wa mwalimu anayependwa. "Picha ijisemee."

Ijisemee vipi na nusu yake iko chini ya kadi, hilo hakulieleza. Akaongeza kwamba rangi nayo iondoke, ibaki nyeusi na nyeupe, kwa kuwa huzuni haina rangi. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ukumbi ulipiga makofi.

"Ushindi ni ushindi, Madamu," Claudine aliniambia tukitoka. Hajawahi kushinda hata bahati nasibu ya kanisani. "Ile nzima si ninayo? Jumatatu naituma Makamba." Jioni akaikata, akaitoa rangi, akamkabidhi Nickson, ambaye ndiye mwenye ukurasa wetu mtandaoni. Nickson hana subira, nilishasema. Usiku huohuo akaiweka pale, na mhuri wa klabu, na maneno makubwa: MSHINDI WA KWANZA, MZEE PASIKALI WA TITYE.

Nkunzimana aliiona kabla hajaletewa nyingine yoyote. Akakimbia nayo kwa mama yake.

Jumatatu Claudine alinifuata shuleni, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, macho mekundu. "Madamu, tumemkata baba mguu," alisema, akanipa simu nisikilize. Ilikuwa sauti ya Nkunzimana, taratibu, kwa Kiswahili chake cha mpakani. Mama ameshika simu, alisema, ameutazama uso, amesema huyu ni wa kwetu. Kisha amepitisha kidole kwenda chini mpaka picha ilipokwisha, akasema: "Basi ni kweli. Wamempiga picha mpaka pale anapoishia." Akajilaza, akageukia ukuta.

Claudine alikuwa ameshatuma ile nzima, yenye viatu. Bibi akaletewa, akaangalia, akairudisha. Hiyo wameibandika, alisema. Vijana wa siku hizi huweka kichwa cha mtu juu ya mwili wa mcheza mpira. Kama miguu ilikuwepo, kwa nini haikutangulia? Na kwa nini ile isiyo na miguu ndiyo yenye mhuri?

Na mimi ndiye ninayeutunza huo mhuri.

Nilimpigia Bwana Didas. Nilimweleza yote, nikamwomba atume sauti yake tu, amwambie yule bibi kwamba ni yeye aliyekata. Akasikiliza vizuri sana. "Mwalimu Rabia," alisema, "unaona nguvu ya picha? Imevuka mpaka!" Nikasema astaghfirullah, nikakata simu. Kukata si kazi yake peke yake.

Mwisho wa wiki Mzee Pasikali akaja studio, amevaa viatu vilevile. Fremu ilikuwa imeegemezwa ukutani, kubwa, nyeusi, uso wa mzee ukitazama mbele. Mtu yeyote wa huku akiona uso wa mzee namna ile, mweusi na mweupe ndani ya fremu, anatafuta jeneza liko wapi. Aliitazama kwa muda, akaenda nyuma yake kuchungulia, kana kwamba mwili mwingine umewekwa huko.

"Ni nzuri," alisema. Ni mtu wa adabu.

"Baba, nisamehe," Claudine akaanza kulia.

"Nisamehe nini? Umeshinda. Mimi nimefurahi." Akaketi kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, akanyoosha miguu mbele, akaitazama kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameagiza zamani. "Mtoto yule aliyekatwa mguu, dada yangu amemlilia maisha yake yote. Sasa nimemwua mara ya pili kwa picha. Simu haamini, picha haamini. Imebaki kitu kimoja."

"Kipi, mzee?" nikauliza.

"Kumpelekea yenyewe."

Walikwenda wawili, Claudine na baba yake, kupitia Buhigwe, wakavukia Manyovu. Fremu mzee alisisitiza aibebe mwenyewe. Claudine alinisimulia kwamba mpaka wanaukaribia mpaka mzee alikuwa anapiga hadithi. Walipoukanyaga akasimama, kisha akatembea polepole mno, hatua kwa hatua, mpaka askari akamwuliza kama anaumwa. "Hapana," akajibu. "Najifunza."

Niyomwungere alikuwa ametolewa uani kuota jua, amekaa juu ya mkeka. Mzee akaanza kujieleza, jina la baba yao, la babu, la kilima walikozaliwa. Bibi hakumtazama usoni. "Vua," alisema.

Akavua viatu, akavua soksi. Bibi akaushika mguu wa kulia, akaupandishia suruali hadi gotini akitafuta kovu, akalikosa. Akaushika wa kushoto. Akaja chini kwenye vidole, akavibonyeza kimoja kimoja, na kwenye kile kidogo cha mwisho, kilichopinda, akasimama. "Hiki nilikiangushia mimi jiwe la kusagia," alisema. "Ulilia, nikakupa muwa ukanyamaza." Ndipo akaweka paji la uso wake juu ya mguu ule, na mzee mzima akalia mbele ya majirani bila kujifuta.

Claudine alikuwa na kamera shingoni. Anasema alikuwa analia naye, hajui hata alibonyeza saa ngapi.

Mwaka huu Kibondo wametuletea tena Bwana Didas. Anasema Kasulu ina macho yanayokua. Mzee Pasikali alikuja, akakaa safu ya nyuma. Vile viatu sasa vimelegea, havimbani tena. Ile fremu ilibaki Makamba. Niyomwungere ameitundika ukutani, na anasema ni picha nzuri sana, kwa kuwa sasa anajua iliyobaki iko wapi. Kifua kinamsumbua bado, lakini akisikia pikipiki anauliza kama ni Pasikali anakuja tena.

Picha ya Claudine ikaletwa mezani. Mikono miwili ya kizee, mguu mmoja mtupu, kidole kilichopinda, na pembeni kiatu cha kahawia kimelala ubavu. Basi. Rangi zote zimo, hata vumbi la uani.

Bwana Didas akaitazama. Akatoa kadi, akazilaza, akazibana, akazipanua. Hakukuwa na cha kukata. Akazirudisha mfukoni, na niliona kwamba halikumpendeza.

"Ni picha yenye nguvu," alisema mwisho. "Sikatai. Lakini ina pengo kubwa, wapendwa, na mpiga picha lazima aambiwe. Huyu ni nani? Anahisi nini? Mguu hauwezi kutuambia." Akatazama ukumbi mzima. "Uso uko wapi?"

Claudine akauma midomo. Mimi nikauma kalamu. Washindani hatuzungumzi. Lakini safu ya nyuma kulikuwa na mtu ambaye hakuwa mshindani, naye alisimama, akavuta suruali juu kidogo kwa vidole viwili viwili, kama alivyozoea.

"Uso si mnao, mwalimu?" alisema Mzee Pasikali. "Tuliwapa mwaka jana."