Seva Iliyofungwa Kama Ndiva

Asteria alikuwa amefika neno la kumi na saba katika kamusi yake, na neno hilo lilimgomea. Chama cha wakulima wa tangawizi kilikuwa na seva mbili, moja mjini Same alikofanya kazi yeye, nyingine kule juu milimani, kijijini Mamba, na kitabu cha mitambo hiyo kilikuwa cha Kiingereza kilichomchosha kila aliyekifungua. Basi akawa anawatungia wenzake maneno. Seva inayopokea data kwanza aliiita chanzo. Ile inayoiga kila kitu aliiita pacha, na chini yake akaandika: "Chanzo kikiandika, pacha huandika. Chanzo kikifuta, pacha hufuta." Lakini lile tendo la kusimamisha kuiga kwa muda, ili pacha abaki na kile alichonacho, hakulipatia jina. Alitazama milima kupitia dirisha, ikielea juu ya vumbi la jioni, hadi akajisahau.

Seva hizo zilitunza sauti za wazee wakieleza namna ya kuchagua mbegu, kupalilia na kugawana maji. Mtunzaji wa pacha kule Mamba alikuwa mzee Sifael, ambaye pia ndiye mgawa maji wa ndiva, lile bwawa la udongo na mawe linalofungwa jioni lijae, likafunguliwa asubuhi maji yateremke mashambani. Mzee huyo alikuwa na kichwa kigumu, tuseme ukweli. Kila jioni akishafunga ndiva alipita ofisini akachomoa kebo ya seva, na asubuhi akaichomeka tena. Asteria alimgombeza mara tatu, kwa heshima zote.

"Mwanangu," mzee alimjibu mara ya mwisho, "mimi nikiacha mlango wazi sipati usingizi."

Saa kumi na moja na nusu jioni ile, Asteria aliacha kamusi akaanza kusafisha faili. Moja halikuwa na jina, lilikuwa na tarehe tu. Alisikiliza nusu dakika: ndege, upepo, kiti kikilia. Akasema hili ni tupu, akalifuta moja kwa moja. Baadaye, akitafuta kitu kingine kabisa katika daftari la kurekodia lililoletwa kutoka Mamba wiki ile, akaiona tarehe ileile. Mbele yake Sifael alikuwa ameandika: "Rogathe, mama Asteria. Mbegu."

Mama yake alifariki wiki mbili baada ya tarehe ile. Asteria alikuwa ameahidi kupanda Mamba akae naye wakati wa kurekodi, kisha kazi zikambana, akabaki mjini. Miaka miwili aliamini kwamba kazi ile haikufanyika, na aliona aibu kumuuliza mtu. Sasa akachomoa kebo ya chanzo, asijue kama alikuwa anazuia kitu au anafunga zizi ambalo ng'ombe wameshatoka. Kama kebo ya Mamba ilikuwa mahali pake saa ile, pacha naye alikuwa ameshafuta. Simu ya Sifael haikupatikana. Asteria, aliyemgombeza mzee wa watu mara tatu, akaomba Mungu mzee awe hakumsikiliza.

Alfajiri alichukua bodaboda. Walipita kijiji cha Kisiwani mbingu ikiwa bado ya kijivu, wakaanza kupanda, na ukungu ukawameza. Asteria alisinzia huku macho yakiwa wazi. Alihisi kana kwamba barabara ndiyo inayoteremka naye amesimama, na kwamba kila kitu alichowahi kukisahau kilikuwa kinapita kando yake kuelekea tambarare. Harufu ya tangawizi mbichi ilimzindua.

Ndiva ilikuwa imeshafunguliwa. Maji yalikuwa yanakimbia mifereji yote, na mzee Sifael alisimama juu ya ukingo na jembe begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko, mbona mapema hivi?"

"Jana jioni ulichomoa kebo?"

Mzee akainamisha uso, akatazama maji. "Hapana. Ulishanikataza. Siku hizi siigusi kabisa."

Asteria alikaa chini palepale kwenye tope na kulia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia siku ya mazishi. Akamweleza yote, tarehe, faili, na ile safari ambayo hakuja. Sifael alimsikiliza huku akihamisha jembe kutoka bega hili hadi lile.

"Asteria," akasema mwishowe, "nimekudanganya. Niliona umekuja kunigombeza. Niliichomoa saa kumi na moja kasoro, na leo bado sijairudisha. Maji ya watu kwanza."

Asteria alimshika mkono, akainuka. Wakiwa njiani kwenda ofisini alijua ataandika nini kwenye neno la kumi na saba: kufunga ndiva.

Faili lilikuwepo. Ndege, upepo, kiti kikilia. Safari hii hakuwa na haraka. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili, ndipo ikasikika sauti ya Sifael ikiuliza, "Mama, tuanze?"

"Ngoja kwanza," ikajibu sauti ya mama yake, karibu kabisa, na kile kikohozi chake kidogo. "Asteria wangu yuko njiani."

Kimya kikarudi. Mzee Sifael alinong'ona kwamba walisubiri dakika kumi na moja, kwamba angeweza kusogeza mbele hadi kwenye mbegu. Asteria akatikisa kichwa. Alivuta kiti karibu na spika, akafuta tope mikononi.

"Nimefika, mama," akasema, akakaa dakika zote kumi na moja.