Doa Kwenye Oksijeni

Jumamosi hiyo mchana fundi wa meno alifunga mapazia ya chumba chake, akakaa mbele ya kompyuta. Siku za kazi alitengeneza meno ya bandia, na sifa yake ilikuwa rangi: jino lake likishawekwa, hata mwenye mdomo husahau lipi ni lipi. Siku za mapumziko aliyapaka rangi mawingu ya gesi yaliyo mbali kule angani.

Picha zilitoka kwa mdogo wake, mchomeleaji vyuma ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Yeye ndiye mwenye darubini, juu ya paa. Alilipiga picha wingu moja kupitia vichujio vitatu, kila kimoja kikipitisha mwanga wa gesi moja tu: salfa, haidrojeni, oksijeni. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, mamia kwa mamia. Dada mtu alizipanga moja juu ya nyingine mpaka chenga zikaisha, akalinganisha nyota kwa nyota, kisha akaipa salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Zikiungana ndipo wingu linapopata sura.

Leo oksijeni ilimsumbua. Kila alipokazia macho katikati ya picha, chini kushoto palikuwa na doa la kijivu, kama alama ya kidole chenye mafuta. Akiligeukia, linakimbia. Vumbi la kichujio, alijiambia. Akatumia zile picha za mwanga mtupu ambazo kazi yake ni kufuta vumbi. Doa likabaki. Akaongeza buluu. Bado lipo.

Akampigia Cheche.

“Kichujio cha oksijeni ulikifuta na nini, shati la kazini?”

“Shikamoo, dada. Na mimi sijambo.”

“Marahaba. Njoo uone uchafu wako.”

Karakana ya Cheche ilikuwa nyumba ya tatu tu kutoka hapo. Cheche akaja na aproni yake ya ngozi, ananuka chuma cha moto. Akainama kwenye skrini.

“Liko wapi?”

“Hapa.” Akanyoosha kidole bila kuyaondoa macho katikati.

“Hapo pasafi.”

“Usinitanie.”

“Sikutanii, dada. Pasafi kabisa.”

Dada akashika kipanya, akaivuta picha kwenda kulia. Wingu likasogea, nyota zikasogea. Doa halikusogea. Akaivuta juu, akaivuta chini. Nyota zikapita chini ya doa kama maji chini ya daraja. Ndipo akafumba jicho la kulia, na kidole chake mwenyewe, kilichokuwa kimegusa skrini, kikatoweka mpaka kwenye kifundo. Akafumba la kushoto. Kidole kizima.

Akamkumbuka mama.

Mama yao alikuwa mshonaji. Alianza kwa kulaumu taa, akaja kulaumu uzi, akasema ni uchovu. Alificha wiki tatu nzima, na jicho likazima. La pili lilifuata baada ya miaka miwili. Binti yake ndiye aliyekuwa akimtungia sindano, na anakumbuka jinsi mama alivyopapasa kitambaa akiuliza, hii ni nyekundu au ya maziwa?

“Siku nne hizi naona vimulimuli pembeni,” alisema polepole. “Nilidhani ni moto wako wa kuchomelea, nikipita karakana.”

“Twende hospitali.”

“Nitakwenda Jumatatu. Ni uchovu tu.”

Cheche akamwangalia. “Hilo ni neno la mama. Vaa viatu.”

Ndani ya gari dada alifumba jicho la kulia kila baada ya dakika chache. Mara ya kwanza kivuli kilikuwa kimemfunika mkono wa kushoto pajani. Mara ya nne kilikuwa kimelimeza goti, kinapanda.

“Acha kufumbafumba, unajitisha.”

“Niache nijue kimefika wapi.”

Daktari wa macho, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimmulika mpaka machozi yakamtoka. “Ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha umeanza kubanduka. Kubanduka hakujafika katikati. Kukifika, rangi na maandishi ndiyo basi. Kesho asubuhi naanza na wewe.” Akamgeukia Cheche. “Ndugu wa damu nao wapimwe.”

Cheche akatazama saa. “Nimeacha karakana wazi.”

Operesheni alifanyiwa akiwa macho, jicho limetiwa ganzi. Hakusikia maumivu, ila aliona vyombo vikitembea ndani ya jicho lake, vyeusi, kama samaki kwenye maji machafu. Hakuthubutu hata kumeza mate. Muuguzi mmoja alimshika mkono, naye akaung'ang'ania mpaka mwisho.

Waliweka gesi ndani ya jicho ili iubane utando, wakamwamuru akae kifudifudi siku kumi. Akala akitazama sakafu, akalala hivyohivyo, hajui jicho lile litaamka na nini. Cheche alikuja kila jioni, akakaa kwenye kompyuta, akifuata maelekezo.

“Imetoka kijani yote, dada. Kama supu ya majani.”

“Haidrojeni imezidi. Ipunguze. Umepimwa?”

“Kesho.”

Siku ya sita akamwuliza, “Hiyo kesho yako ni ya mwaka gani?”

Kipanya kikanyamaza.

“Naona nyuzi nyeusi,” alisema Cheche. “Mwezi sasa. Zinaelea. Nikienda wakaniambia kitu, nitachomelea vipi? Naogopa, dada.”

Mwezi mzima! Dada akainuka, uso chini vilevile, akapapasa kanga yake kitini. “Nishike mkono.”

“Umeambiwa usitoke.”

“Nimeambiwa nisiinue kichwa. Twende.”

Watu kwenye korido ya kliniki waliwapisha: mwanamke anayetazama vidole vya miguu yake, analivuta jitu zima lenye aproni. Daktari alianza na dada. “Utando umeshika vizuri. Katikati umepona. Pembeni kidogo umepoteza.” Kisha akamwingiza Cheche, mlango ukafungwa.

Dada akabaki kwenye benchi, anahesabu vigae. Kila mlango ulipofunguka alitafuta buti za Cheche, na kila mara vilikuwa viatu vya mtu mwingine. Alianza upya kuhesabu mara tatu. Mwishowe buti mbili zenye matundu ya moto zikasimama mbele yake.

“Kulikuwa na tundu dogo kwenye utando, jicho la kushoto,” alisema Cheche. “Wamelizungushia mionzi ya leza palepale, lisipanuke. Daktari anasema ningesubiri kidogo...”

Akajitupa kwenye benchi, na dada, uso chini vilevile, akamshika mkono.