Wagonjwa wa Kuazima

Zahanati ya Igumilo ilijengwa na watu wenyewe, tofali kwa tofali, na ndiyo maana Jumbe Manase aliipenda kama mtu anavyolipenda shamba alilolivunja kwa jembe lake mwenyewe. Ilikaa juu ya kilima kando ya barabara ya Njombe kwenda Makambako, mahali ambapo upepo haujui kupumzika. Wanaume walifyatua tofali, wanawake walipanda na maji kutoka bondeni, na kila mwenye kulipa kodi aliambiwa kuwa sehemu ya kodi yake ni ya dawa. Serikali ilisema: ninyi jengeni, sisi tutaleta dresa wa kutibu, vitanda na dawa. Dresa alikuja. Vitanda vilikuja, chuma kitupu bila godoro. Dawa zilikuja kwanza kwa sanduku, kisha kwa kifuko, kisha zikawa kama mjomba aliyekwenda kukata mkonge: kila siku zinatajwa, haziji.

Mwezi wa tano, wakati wa ukungu na matope ya mvua za mwisho, tarishi wa boma alipita na kusema Bwana Shauri mdogo, mzungu wa boma, atasimama Igumilo keshokutwa, akielekea Makambako. Anatazama zahanati. Tarishi hakusema zaidi, maana hata yeye hakuambiwa zaidi.

Manase alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na sababu yake ilikuwa moja. Mwanawe Elieza alikuwa ameondoka na malori ya mkonge pale Makambako, akamwacha mkewe Ema na mimba. Sasa mimba ilikuwa kubwa, miguu ya Ema imevimba, kichwa kinamgonga, na tangu Jumapili alikuwa akimwambia mama mkwe wake kwamba anaona giza likimpitia machoni kama ndege. Manase hayo yote aliyasikia kwa mkewe Lucia tu. Baba mkwe wa Kibena haingii anapolala mkamwana wake, wala mkamwana halali baba mkwe akiwa amesimama. Hata pale zahanati, walipomlaza Ema, Manase alikuwa anauliza hali yake akiwa nje, ameupa mlango mgongo.

Dresa wao, Hilari, kijana aliyesomea kazi kwa mapadre, alikuwa amemweleza waziwazi.

"Mzee, huyu si wa hapa. Huyu ni wa daktari, Njombe, na upesi. Machela itamtikisa njia nzima. Ingepatikana gari, ingekuwa heri."

Na tazama, gari linakuja lenyewe.

Basi Manase akakaa akapanga. Katika maisha yake alikuwa ameposea watoto na ameposewa, na alijua jinsi mambo yanavyokwenda. Wakwe wakija kutazama nyumba, unaazima mikeka, unaazima kuku watembee uani, hata bibi wa jirani unamwazima akae kwenye jua aonekane ni wa kwenu. Mgeni akiisha kushiba na kusifu, hapo ndipo unamwomba. Ukianza kwa kulia, mgeni anaondoka kabla hujamaliza. Isitoshe, alimkumbuka jumbe mmoja upande wa Bulongwa aliyelalamika mbele ya mzungu kuhusu daraja. Daraja halikujengwa, na cheo cha ujumbe kilikwenda kwa mwingine.

"Tutaipamba," aliwaambia watu. "Bwana akute nyumba yenye heshima. Akifurahi, nitamwomba ampakie mgonjwa wangu."

Hilari alikuwa anasugua sindano yake ya pekee kwa majivu. Akasita.

"Mzee, akikuta chupa zimejaa, atajaza za nani?"

"Hilari mwanangu, wewe umekulia kwa mapadre, unakula kwa kengele. Hujui mgeni. Mgeni haonyeshwi chungu kikavu."

"Huyu si mgeni, mzee. Huyu ndiye mwenye chungu."

Watu wakacheka, na Manase naye akacheka, neno likapita. Lucia peke yake hakucheka. Alisema tu, "Baba Elieza, mimi ningemwambia kwanza habari ya gari," lakini mumewe alikuwa amekwisha kuanza kugawa kazi.

Basi ikapambwa. Blanketi zikatoka majumbani, na usisahau ule ni mwezi wa baridi. Kuna watoto waliolala wamejikunja kama mbwa ili zahanati ya serikali ipendeze. Magodoro yakashonwa ya magunia na nyasi. Chupa tupu zikajazwa: hii chai ya rangi, hii maji ya majivu yaliyochujwa, hii ulanzi mpya, pombe ya mianzi, mweupe, uliofanana kabisa na dawa ya tumbo. Ulanzi ulitoka kwa Methusela, mtu mwenye jina la Biblia na koo la mwanzi, ambaye wazee wa kanisa walikuwa wamechoka kumtenga.

Kisha mtu akasema zahanati bila wagonjwa ni kama kanisa bila waumini. Basi wakatafutwa wagonjwa. Methusela akajitolea mara moja.

"Nitaumwa nini?" aliuliza.

"Umwe unachoumwa kila siku," mkewe alimjibu.

Filemoni akaumwa mgongo. Mzee Yoeli akafungwa kitambaa kichwani, akapewa kuumwa sikio. Wote wakalala, na Ema akabaki kitanda cha mwisho, karibu na ukuta, mgonjwa wa kweli katikati ya wagonjwa wa kuazima.

Gari lilifika asubuhi, limejaa tope hadi kwenye milango. Bwana Shauri mdogo alikuwa kijana mwekundu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka kama rula. Nyuma yake alishuka karani wake, Dionis, Mbena wa Njombe mjini, na viatu vilivyong'aa hata katika matope yale.

"Kamwene," Bwana alisalimu kwa Kibena, na watu wakafurahi kweli, wakapiga makofi ya salamu, wanawake wakapiga magoti.

Manase alimwongoza ndani. Ilimbidi aingie, leo hakukuwa na njia nyingine, lakini aliingia ameelekeza uso dirishani, na Ema akajifunika kanga hadi kichwani. Bwana alitazama chupa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alibonyeza godoro. Akamwuliza Methusela anaumwa nini.

"Tumbo, Bwana. La zamani."

"Na unapata dawa?"

"Napata, Bwana. Dawa ya hapa ni nzuri mno," alisema Methusela kwa moyo wake wote, na kiwango cha chupa nyeupe kilionyesha kwamba alikuwa amekwisha kuionja.

Nje wakampa Bwana kiti, mayai ya kuchemsha na njegere. Alikula vizuri. Manase akamtazama anavyokula na moyo wake ukatulia. Mambo yalikuwa yanakwenda kama posa.

"Jumbe," Bwana alisema, akijifuta mikono, "nimefurahi. Mwaka huu serikali ina gari moja la wagonjwa la kuweka vijijini, na dawa za kuongeza. Nilikuwa nafikiri nivilete hapa, kwa sababu ya barabara. Lakini Igumilo inatosha. Nimetoka Ipelele, kule hawana hata chupa. Vitakwenda kule."

Hilari, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. Lakini gari lilikuwa bado limesimama pale, na lile ndilo alilolitaka Manase.

"Bwana, ninalo ombi. Ndani yuko mkamwana wangu, ana mimba, hali yake mbaya. Nakuomba umgeuzie gari umpeleke Njombe."

Bwana alishangaa. "Lakini mnaye dresa. Mnazo dawa, nimeziona. Mimi nasubiriwa Makambako. Kwa nini asitibiwe hapa?"

Hapo ndipo Manase alipoona mtego wote, tena aliutega mwenyewe, akaupamba kwa blanketi za jirani. Alitazama watu wake, hakuna aliyemsaidia. Akaingia ndani, Bwana na karani wakamfuata. Akaishika ile chupa nyeupe, akang'oa kizibo, akanywa hadi tone la mwisho mbele yao. Manase, mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kugusa kileo tangu abatizwe.

"Ni ulanzi, Bwana. Ile ni chai. Ile ni majivu. Blanketi ni za watu. Dawa hatujaziona tangu miti ile ya miwati pale nje ilipopandwa, na sasa imempita mtu kimo."

"Na wagonjwa?"

Manase alifumba macho. "Wa kuazima." Kisha akawageukia, akasema kwa sauti ya jumbe, sauti ile ya kuita watu kwenye kazi ya barabara: "Inukeni."

Filemoni akainuka. Mzee Yoeli akainuka akifungua kitambaa chake. Methusela akainuka wa mwisho, amejishika tumbo kwa mazoea.

Ukutani, Ema naye akainuka.

Alikuwa amesikia sauti ya baba mkwe wake aliyesimama karibu na kitanda chake. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kuisikia sauti ile ikiamuru akiwa yeye amelala. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akasimama, kichwa chini, kanga usoni, kama anavyosimama mkamwana mwenye adabu.

"Na huyu naye," Bwana alisema.

"Huyu hapana, Bwana. Huyu anaumwa kweli."

"Wote walikuwa wanaumwa kweli sasa hivi tu. Naona naye amepona." Uso wake ulikuwa umezidi kuwa mwekundu. "Mmeidanganya serikali."

"Tumekudanganya asubuhi moja," Manase alisema. "Serikali inatuambia dawa zinakuja tangu tofali hizi zikiwa mbichi. Hilo nalo lina jina gani, Bwana?"

Dionis alikuwa anatazama viatu vyake. Bwana akatoka. Hilari alimfuata akisema, "Bwana, tazama miguu yake, tazama miguu yake tu," lakini mlango wa gari ulifungwa, na gari likateremka kilima kuelekea Makambako, likiteleza huku na huku.

Mlio wake ulikuwa haujapotea Ema alipoanguka. Mwili ukakazika, ukaanza kutupatupa. Hilari alipiga magoti, akamlaza ubavu, akamshika kichwa kisigonge sakafu. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Walikata miti miwili ya miwati, wakafunga blanketi, wakamweka. Waliobeba ni wale wale waliokuwa wamelala: Filemoni na mgongo wake mzima, Yoeli, na Methusela aliyekuwa hana ulevi hata kidogo sasa. Nafasi ya nne, upande wa kichwa, ikabaki wazi. Kwa desturi Manase alipaswa kutangulia mbele mbali, asimwone. Alikwenda akashika mti wa upande wa kichwa, akauweka begani, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Njiani Ema alizinduka kidogo. Lucia alikuwa akitembea karibu naye.

"Mama," Ema alisema, "mwambie baba anisamehe. Nilichelewa kusimama."

Manase alikuwa kichwani pake kabisa, pumzi yake inamfikia. Lucia hakuwa na haja ya kupeleka ujumbe.

"Mwambie," Manase alisema, "mwambie alale tu."

Walifika Njombe wamelowa. Mtoto alizaliwa kimya, wakamzika huko huko. Ema alibaki hai, lakini macho yake hayakurudi. Daktari alisema pengine yatarudi, pengine hayatarudi, na kwamba wangemleta mapema ingekuwa habari nyingine. Alisema kwa upole, na kwa Manase upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi.

Aliposikia kwamba gari la Bwana Shauri mdogo limerudi kutoka Makambako, Manase alivaa kofia yake ya ujumbe akaenda boma. Dionis alimkuta barazani, akamvuta kando.

"Baba, nenda nyumbani. Bwana amekwisha kuandika. Zahanati yenu imeandikwa kuwa inatosha. Na wewe umeandikwa kuwa mwongo, uvuliwe ujumbe. Nilipiga mimi mwenyewe kwa mashine, yote mawili kwenye karatasi moja."

Manase alifikiri. Hakuwa amesoma sana, lakini hili halikuhitaji shule.

"Kama mimi ni mwongo, basi zile chupa zilikuwa uongo, na zahanati haitoshi. Kama zahanati inatosha, basi zile chupa zilikuwa kweli, mimi si mwongo, na kofia yangu ni halali. Hawezi kuvichukua vyote viwili, dawa na kofia. Nenda kamwambie achague."

"Siwezi kumwambia hivyo, baba."

"Basi nitamwambia mimi."

"Atakasirika."

"Nilimfurahisha," Manase alisema. "Nimeona kilichotoka humo."

Akavua kofia, akaiweka kwenye ngazi ya boma, na yeye akakaa kando yake, miguu yenye tope la Igumilo ikiwa juu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi ile. Upepo wa Njombe ulikuwa mkali. Dionis alitazama mlango wa ofisi, akamtazama mzee. Kisha akaenda akaleta kiti.

"Kiti sikitaki," Manase alisema. "Niambie tu atatokea mlango gani."

Dionis alikiweka kiti chini, akanyoosha mkono kidogo, karibu na paja ili wa ndani wasione, akamwonyesha mlango atakaotokea Bwana.