Kona ya Mikaratusi

...na bendera bado iko juu, Mzee Mathenge anangoja nini kuishusha mbio zianze, na Theuri yuko hapa kushoto kwangu ananguruma na pikipiki yake, macho hayako barabarani, yako kwa Wachuka, mke wangu, ng'ambo ya kamba, na Wachuka anapunga kitambaa cha manjano, anampungia nani, yeye ama mimi, wivu umenishika... tazama kona, mjinga wewe, macho yakienda kwa mtu pikipiki nayo inamfuata, si ndivyo nilivyomfundisha huyu Theuri alipokuja kutoka Kangari hajui hata kuinama kwenye kona, nikamwambia chagua kitu kisichohama, ukikifikia shika breki, si ng'ombe, si gari, si mtu, na kila Jumapili baada ya kanisa tulizunguka kiwanja hiki kwa miguu tangu mzungu auze shamba hili, Wachuka akituhesabia hatua, akicheka, ati nilidhani anacheka na mimi... halafu juzi watu wakang'oa kisiki cha Kona ya Mikaratusi wakaenda nacho kuni, Theuri akaniuliza, fundi, sasa pale nishike breki wapi, nikamwambia kwa pipa, hatua thelathini mbele, nikamgonga bega vizuri kabisa, na pipani umeshachelewa, mbele ni miti tu, nilitaka aanguke, ndiyo, nilitaka, mbele ya macho yake Wachuka, avunjike mguu... mguu tu? mti unajua kutofautisha mguu na shingo? na mama yake Theuri, Magdaline, amesimama pale pale mitini na chupa ya chai ya mtoto wake... sema, ebu sema, mdomo ni wako, nikamwinamia.

"Theuri, si kwa pipa. Shika breki kwa lile shimo la kisiki."

Hakugeuka hata. "Najua, fundi. Wachuka aliniambia jana."

Jana... kwa hivyo jana Wachuka alijua nimemdanganya, si ndiye aliyetuhesabia hatua, na jioni akanipakulia irio, akaniuliza kama nitaongeza, akakaa akinitazama nikila, na huo wivu uko wapi sasa, nautafuta siupati, nimebaki na aibu peke yake, maana hamwangalii Theuri, ananiangalia mimi, tangu asubuhi ananiangalia aone kama nitamwambia mwenzangu ukweli, bendera haijashuka, injini zinanguruma, na kutoka pale aliposimama hawezi kusikia kwamba nimesema.