Viatu Juu ya Tanuri

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayependa baiskeli, usimkaushie viatu. Ningeweza kuishia hapo, kwa sababu onyo lenyewe ni hilo tu. Lakini najua utacheka, utasema kiatu ni kiatu, kikilowa kinaanikwa. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Basi nivumilie nikueleze.

Sisi kwetu ni waoka mikate. Tanuri liko uani, la matofali, na mimi na kaka yangu ndio tunaokanda na kuoka. Binti yangu ndiye anayepeleka mikate madukani kwa baiskeli. Mjomba wake humwita Spoki, kwa wembamba wake na kwa vile ukimpinda hapindiki. Hiyo mikate ndiyo iliyomtia wazimu wa baiskeli. Alianza kuzunguka mitaa, akafika vilimani, mwishowe akawa anafunga mizigo kwenye fremu, hema na sufuria na kila kitu, anapotelea porini siku kadhaa na rafiki yake mmoja, msusi. Wanapita njia za ng'ombe, wanavuka mito, wanalala popote wanapofikia. Kila akiondoka nahesabu siku mpaka arudi.

Safari ninayoisema ilikuwa ya wakati wa mvua. Viatu vyake vya zamani vilikuwa vimekwisha, akaniomba nimsindikize dukani. Nilifurahi. Nilidhani anataka nimchagulie.

Nikachukua vyeupe, vizuri kweli. "Hivi je? Vyepesi kama karatasi."

"Ndiyo hapo, mama. Karatasi na matope wapi na wapi?"

Dada mwenye duka akacheka, akaleta vingine vyenye kichuma chini, cha kunasa kwenye pedeli.

"Yaani mguu unafungwa na baiskeli?" nikauliza.

"Ukitaka kutoka unazungusha kisigino, mama," akajibu yule dada.

"Na ukisahau?"

"Hapo mnaanguka wote wawili."

Nilimshika binti yangu mkono tuondoke. Lakini hata yeye hakuvitaka. Alisema njia ile nusu ni kuendesha, nusu ni kusukuma, na kichuma juu ya jiwe lenye maji kinateleza kama sabuni. Alitaka soli ya mpira yenye meno. Akawa anavipinda kimoja kimoja: katikati kiwe kigumu ili mguu usichoke kwenye pedeli, mbele kilegee kidogo aweze kutembea. Nchani kuwe na mpira wa kukinga vidole, na ndani kusiwe na sponji ya kunywa maji. Nikaona vingine vina vitundu ubavuni, nikasema hivi vibovu, vimetoboka.

"Vimetobolewa makusudi, mama. Kiatu kisichopitisha maji ni kizuri mpaka siku maji yaingie kwa juu. Hapo huna kiatu, una ndoo."

Akavijaribu na soksi nene, vidole vikawa vinacheza vizuri ndani. Akauliza kama soli imeshonwa. Dada wa duka hakuficha.

"Vya kushonwa vya saizi yako vimeisha. Hivi ni gundi. Ila gundi yake haiogopi maji wala matope. Inaogopa moto tu. Vikilowa vijazeni magazeti, vikae kivulini. Jikoni visiingie."

Nilisikia. Sitaki kudanganya kwamba sikusikia.

Siku ya mwisho kabla ya safari mvua ilinyesha tangu asubuhi. Spoki akavaa viatu vipya, akaenda kusimama kwenye mtaro, makusudi, maji yanampita vifundoni, aone kama vinayatoa. Majirani wanamtazama. Akarudi anachuruzika na anacheka, nami nikawaka. Nikamwambia mvua hii si ya kwenda porini. Akasema ndiyo raha yenyewe. Nikasema wasichana wawili, na mito imejaa! Akasema mama, mimi si mtoto. Neno likavuta neno, mpaka nikasema, tena kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili:

"Ingekuwa ni mimi, hivyo viatu ningevitia moto, tuone utakwenda na nini!"

Alivijaza magazeti, akaviweka kibarazani, ndipo akasema taratibu, "Usiviguse, mama. Vikibaki na unyevu si kitu. Huko ninakokwenda kote ni maji."

Nililala na lile neno langu kooni kama mwiba. Mtoto yule alipokuwa mdogo alikuwa na kifua. Akilowa miguu tu, anakohoa usiku kucha. Alfajiri nilipoamka kukanda nikapita pale kibarazani, nikatia mkono ndani ya kiatu: baridi, majimaji. Nikaona nimkaushie. Iwe ndiyo radhi yangu, maana nyumbani kwetu kuombana radhi kwa mdomo ni kazi kuliko kubeba gunia la unga.

Sikuviweka motoni. Juu ya tanuri kuna ukingo tunapoweka unga uliokandwa uumuke. Ni pa vuguvugu tu. Joto likizidi, hamira inakufa. Nikasema moyoni, mahali pasipoua hamira pataua kiatu? Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yangu ya mwoka mikate. Nikasahau kwamba asubuhi ile tulikuwa na mikate ya shule, na kaka yangu, akiona mikate ni mingi, huongeza kuni bila kuambiwa.

Nilishtuliwa na harufu. Nikakimbia na mikono yenye unga. Kiatu cha kushoto kilikuwa salama. Cha kulia soli yake ilikuwa imeachama mbele, kama mdomo wa mtu aliyesinzia.

Nikatafuta gundi ndani ya droo, nikapaka, nikakibana chini ya debe la unga. Kilipotoka kilionekana kizima, kwa macho.

Binti yangu akatoka, akavishika. "Vimekauka! Nani kavikausha?"

"Mimi," nikasema. "Nimevifuta kwa kitambaa, nikavibadilishia magazeti."

Akanikumbatia mpaka unga wa aproni yangu ukahamia kwenye koti lake. "Asante, mama. Nilidhani bado umeninunia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini fikiria na wewe: jana yake nimesema nitavitia moto, leo nimwambie vimepatwa na moto kwa bahati mbaya. Nani angeniamini? Angesema nimefanya ili asiende. Na pembeni ya moyo wangu kulikuwa na sauti inauliza, je, akisema hivyo, atakuwa amekosea? Nikamfungia mikate miwili, nikamwambia nenda salama.

Mikate yote ya siku ile ilinuka. Kaka yangu alimega mmoja akaunusa. "Dada, leo tumeoka raba?" Mteja wa kwanza naye akauliza, "Huu ni wa kula au wa kuvaa?" Watu wakacheka, nikacheka nao.

Nikampigia Spoki simu, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nilitamani kumtupia kaka yangu lawama za zile kuni. Lakini kuni ni za tanuri. Viatu ndivyo havikuwa vya tanuri.

Kesho yake jioni akapiga mwenyewe.

"Mama, usishtuke."

Mzazi akiambiwa asishtuke, ameshashtuka. Nikakaa chini palepale, juu ya gunia.

Walikuwa wanavuka mto kwa miguu, baiskeli begani. Katikati ya maji soli ya kulia ikafunguka, ikajikunja chini ya wayo, akaanguka, baiskeli na mizigo vikamlalia. Maji yalimpita usoni. Msusi ndiye aliyemvuta kwa mkanda wa begi. Wakafunga kiatu kwa tyubu ya tairi, wakachechemea mpaka barabarani, lori la mchanga likawabeba.

"Kifundo kimeumuka kama mkate wako," akasema, akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Lakini yule dada wa duka atanitambua. Gundi imara, gundi imara! Nimeshawaandikia wenzangu wote wa baiskeli, mtu asikanyage kwake."

"Pole, mwanangu," nikasema. Mama mzima, maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa hayo mawili.

Alirudi na mguu umefungwa bendeji. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamlisha, nikamtandikia, na kila akisema asante nilitamani anitukane. Hata hivyo nilinyamaza. Alipoweza kukanyaga akasema twende dukani, wewe ni shahidi wangu, ulisikia alivyosema.

Dukani akaweka kiatu juu ya meza, na matope yake yote. "Dada, hiki ndicho ulichoniuzia."

Dada wa duka akakigeuza, akapitisha kidole kwenye gundi. Ilikuwa imechuruzika, ikaganda vitone vitone. "Hiki kimeona moto," akasema.

"Moto? Kimeona mto! Nusura nife na kiatu chako, unaniletea hadithi za moto?"

"Mdogo wangu, mimi sibishani na wewe. Lakini tangu uandike, wenzako hawaingii humu. Wanapita hapo mlangoni wananiangalia kama mwizi. Mama, si nilisema visiingie jikoni? Sikusema?"

Wote wawili wakanigeukia. Binti yangu alikuwa ananitazama kwa imani, ananingoja nimtetee.

"Alisema," nikajibu. "Na moto ni wangu mimi. Niliviweka juu ya tanuri. Nikakibandika, nikanyamaza."

Binti yangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Ulisema utavitia moto," akasema.

"Nilisema. Lakini sikufanya kwa ajili hiyo, mwanangu, nilitaka vikauke tu, kifua chako..."

"Na mimi nikakuambia asante."

Basi. Akatoa simu yake, akaandika, akamwonyesha dada wa duka kabla ya kutuma. Niliona na mimi: *Kosa si la duka. Ni la nyumbani kwetu.* Kisha akamwomba radhi mbele yangu, kwa mdomo wake, bila kuzungukazunguka. Sijui alijifunza wapi. Si kwangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sina bado, majuto ninayo. Spoki sasa ana viatu vya kushonwa, uzi mnene unazunguka soli nzima. Anazungumza nami, anapeleka mikate, anaitika nikimwita. Lakini akitoka matopeni haviachi tena kibarazani. Anaviingiza chumbani kwake na maji yake, anafunga mlango, nami asubuhi naona alama ya maji imetokeza chini ya mlango, napiga deki. Kaka yangu aliwahi kutania, "Viatu vya mwenzetu vinalala kitandani." Hatukucheka.

Juzi alirudi amechoka, akavisahau nje. Nilikuwa uani nafagia mbele ya tanuri, mvua ikaanza, matone yakawa yanavisogelea. Nilisimama na ufagio sijui la kufanya. Kuvigusa naogopa. Kuviacha naogopa.

"Mwanangu!" nikaita. "Viatu vyako! Mvua!"

Nikasikia kitanda kikilia huko ndani. Kisha: "Viingize, mama."

Nikavibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mayai. Nikaingia navyo sebuleni, nikasimama katikati.

"Niviweke wapi?"

"Popote," akasema. "Mbali na tanuri."

Niliviweka karibu na mlango wa mbele, nikatafuta magazeti, kisha nikayarudisha. Hilo hakuniambia nifanye.