Jua la Mama Wakoli

Mchakacho ndio uliotangulia. Nasir Osman alikuwa amejikunja nyuma ya pikipiki ya Kizito, kofia ya koti la mvua ikiwa imemfunika macho, akasikia mahindi makavu yakisuguana. Mvua ilikuwa imewapiga tangu Chwele. Ilikuwa mwezi wa Mei, na Mei mahindi ya mlimani hayachakachi. Huwa mabichi, yananyamaza na kunywa.

"Tumefika," Kizito alisema. "Hiyo ndio jua yako, bana."

Alizima pikipiki penye ua, akavua koti lake na kulitundika kwenye usukani. Nje ya ua palikuwa na tope. Ndani palikuwa na vumbi. Mvua ilikomea juu ya lango, imenyooka kama uzi wa mwashi, na kuku mmoja alikuwa amesimama pale pale mpakani, mkia umelowa, kichwa kikavu.

Kila Alhamisi jioni, katika redio moja ya Kanduyi, Nasir husoma hali ya anga kwa wapanda milima na wapenzi wa mito. Watu wa Kitale na Bungoma wenye buti nzito na mabegi ya mgongoni humsikiliza kabla ya kufunga safari ya Jumamosi kwenda Mlima Elgon. Wataalamu humletea karatasi, naye huitia sauti. Sauti anayo, na anajua kuwa anayo. Kipindi hudhaminiwa na kambi moja ya watalii iliyo nje ya Kitale, na mwenye kambi, Bi. Nyambu, halipendi neno mafuriko.

Msimu kama huu mwaka uliopita, karatasi ilisema mvua kubwa mlimani, mito kufurika ghafla alasiri. Nyambu alipiga simu kabla ya kipindi.

"Nasir, niko na kikundi kubwa Jumamosi. Si usome kitu ya kutia watu moyo?"

Nasir akasoma: jua la kadiri, upepo mwanana kutoka mashariki, mito imetulia na inavukika. Wakoli, kijana aliyekuwa akiwaongoza wageni wa Nyambu, alimsikia kwenye simu yake, akawapeleka wageni mto Kuywa. Aliwavusha wote. Alirudi ng'ambo kuchukua begi la mmoja wao, na maji yakaja.

Baada ya hapo Nyambu alituma taarifa, na Nasir akaisoma kwa sauti ile ile: kwamba kiongozi huyo wa wageni alionywa, akakaidi.

Lile jua aliloahidi lilifika siku ya mazishi. Lilitua kwenye boma la mama yake Wakoli, karibu na Kapsokwony, likakaa. Usiku lilizama kama majua mengine, kwa kuwa Nasir hakuwa amesema lolote kuhusu usiku. Mchana lilirudi na upepo wake mwanana kutoka mashariki. Kijito kilichopita chini ya shamba kilitulia, kikawa kinavukika hata na vifaranga. Chifu alikuja kulitazama jua hilo, akasema ni la kaunti. Mtu wa kaunti alikuja, akasema ni la chifu.

Jana, katikati ya kipindi, msikilizaji alipiga simu. "Mimi ni Mama Wakoli wa Kapsokwony," sauti ilisema hewani. "Nasir, njoo uchukue jua lako." Nasir alikata simu, akaweka wimbo. Alfajiri, msikitini, alipoteza hesabu ya rakaa, akaanza upya, akapoteza tena. Kulipopambazuka alimtafuta Kizito.

Ndani ya boma watu walikuwa na shughuli zao. Maharagwe yalianikwa kwenye turubai, kahawa kwenye mikeka, sare za shule kwenye kamba. Pembeni palikuwa na mahema mawili ya kambi ya Nyambu, na wageni waliochoshwa na mvua walikuwa wamejinyoosha mbele yake wakiwa na miwani ya jua. Jirani aliyeitwa Jentrix alikuwa akiyageuza maharagwe yake kwa mguu.

"Wewe ndio Nasir wa redio? Kumbe uko mfupi hivi!" alisema. "Sikia, ati umekuja kuondoa jua? Usiiguse kabla maharagwe yangu ikauke. Nitakufuata mpaka Kanduyi."

"Sijaja kuondoa kitu," Nasir alisema.

"Vizuri. Ungeniona."

Mama Wakoli alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni, akipukuchua gunzi lililokuwa na punje chache kama meno ya kikongwe.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Umekuja. Vua koti, hapa hakunyeshi."

"Niko sawa, mama."

Jasho lilimtiririka mpaka kiunoni. Hakulivua. Aliona kwamba akilivua atakuwa amelifurahia jua hilo, kama wale wenye miwani.

Alipewa chai ya rangi. Nyasi zilikuwa zimekwisha, na ng'ombe hakuwa na maziwa. Nasir aliinywa yote, kwa sababu kuikataa kungekuwa kumkosea mara nyingine.

"Nimekusikiza mwaka mzima," Mama Wakoli alisema. "Ukisema kitu ya kweli, inaenda kwa kila mtu. Ukisema ya uongo, inakuja hapa kwangu. Ile wiki ulisema upepo imehamia magharibi, nguo zangu zikageuka kwa kamba."

"Pole, mama."

"Pole Nyambu alileta, pamoja na maua. Maua zilikauka siku hiyo hiyo."

"Nikufanyie nini?"

"Sema kwa redio Wakoli hakuonywa." Aliliweka gunzi chini. "Alikuwa mtoto wa kusikia. Alikusikia wewe. Sema hivyo tu, na hiyo sauti yako yote. Mvua ikirudi, sawa. Isiporudi, nitalala njaa nikiwa na jina la mtoto wangu."

Nasir alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, machache na mepesi. Amewahi kusoma magumu kuliko hayo. Kisha akilini alimwona Nyambu akikunja mkataba wa kipindi, akaona kiti chake kikiwa na mtu mwingine, akawasikia polisi wakiuliza ni nani aliyebadilisha yaliyo kwenye karatasi. Upepo mwanana ulimpuliza usoni. Alifunga kinywa.

Hapo ndipo alipolipata neno lingine. Manyunyu. Mpanda mlima haogopi manyunyu, na Nyambu hatalipinga. Mvua ya Mei ni kubwa, kwa hiyo manyunyu yatakuwa uongo, na uongo utakuja hapa, laini, jioni, juu ya mahindi ya mama huyu. Mlimani mito itaendelea kujaa. Wenye buti wataendelea kwenda. Nasir alihisi nafuu, na nafuu ile ikamchoma kuliko jua.

"Umenisikia?" Mama Wakoli aliuliza.

"Nimekusikia, mama. Alhamisi ijayo nitasema manyunyu. Mlima wote, kila jioni. Yatakuja kwako."

Mama Wakoli alimtazama, akayatazama mahindi, akamtazama tena. Alikuwa mkulima, na aliijua thamani ya manyunyu.

"Mahindi yatashukuru," alisema. "Na Wakoli?"

Nyuma yao Jentrix alikuwa akiimba kidogo, akiyageuza maharagwe. Mgeni mmoja alitoka kwenye hema na kuuliza kama kuna kivuli. Nasir alisimama, akauinamia mkono wa Mama Wakoli na kuushika kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeaga msibani.

"Kila jioni, mama," alisema, kwa ile sauti inayopendwa Kitale na Bungoma. "Manyunyu, bila kukosa. Nakuahidi."